Muhuri wa Mama

Jamhuri ilipojitenga, wachora mpaka, sijui walikuwa wamelala, waliupitisha katikati ya ua wa bibi mmoja: chumba kikabaki nchi ya zamani, jiko likaangukia nchi mpya. Aliyewekewa meza pale uani ni bintiye mwenyewe, askari wa uhamiaji. Kutwa kazi yake kumgongea mama muhuri: anakwenda kubandika maji, anarudi kupumzika.

"Mama, si uhamie jikoni tu?" alisema jioni moja, hoi, mkono umemvimba. "Nimechoka mie."

Mama akatua birika, akafungua pasipoti.

"Tangu mpate huo uhuru wenu, kuja kunisalimia huji. Nisipopita hapa, nitakuona wapi? Haya, gonga, chai inapoa."