Wiski ya Posa Iliyopelekwa Kianjokoma

Nyinyi mlioniuliza kwa nini nilikosa masomo ya Jumamosi, jibu ni hili, na mwalimu wa zamu asome pia. Nilienda kumsaidia mjomba kupata bibi.

Mjomba wangu Njeru anauza vinywaji kaunta ya hoteli moja hapa Meru mjini. Ana miaka thelathini na minne, na kwa mara ya kwanza maishani amepata msichana anayecheka pale mjomba amekusudia kuchekesha. Anaitwa Wawira. Kwao ni Kianjokoma, Embu ya juu kabisa, kule majani chai yakiisha msitu unaanza.

Sasa, kwetu posa haimalizwi na maneno. Baba ya msichana huwekewa kinywaji mbele ya watu, kisha anamgeukia binti yake na kumuuliza mara tatu, "Ninywe?" Binti akisema, "Kunywa," baba anakunywa na mambo yamekwisha. Asipokunywa, mnarudi nyumbani na kinywaji chenu na aibu yenu. Zamani ilikuwa pombe ya asali. Wawira alikuwa amemwonya mjomba mapema kabisa: "Baba hanywi pombe ya kienyeji." Mtu mwenye akili ya kawaida angebeba kreti ya soda. Mjomba akaelewa kwamba mzee anataka ya dukani.

"Kuna kitu wageni huagiza hotelini mwezi wa saba baridi ikikaza," akaniambia. "Wiski, maji moto, asali, karafuu, mdalasini, ganda la chungwa. Kilibuniwa na watu wa theluji ili wasife. Mzee atalia machozi ya shukrani."

Kulia alikuwa karibu. Shukrani ndiyo hatukuiona.

Saa kumi na mbili asubuhi, Makutano. Tulisimama kwa Mama Zuhura, anayeuza viungo kwenye duka dogo karibu na steji. Mjomba akataja anachotaka huku akiangalia viatu vyake, maana Mama Zuhura ni mtu wa swala tano na hakutaka kumwelezea.

"Pilau ya watu wangapi?" Mama Zuhura akauliza.

"Haina watu wengi, Mama."

"Na mchele unao?"

"Haina mchele."

"Nyama je?"

"Haina nyama pia."

Mama Zuhura akanigeukia mimi kwa huruma. "Mwanangu, huyu anakulisha kweli?" Akaniongezea vijiti viwili vya mdalasini bure na kashata moja ya kula njiani. Hivyo ndivyo nilivyoanza safari nikiwa yatima.

Saa tatu, Kiritiri. Gari tuliazimwa, pikapu ya kubeba miraa, na dereva wake Mwenda tuliazimwa nayo. Mwenda amebeba miraa miaka kumi. Hajui kwamba kuna mizigo isiyonyauka. Kutoka Meru hadi Embu sikuona kitu chochote cha kuwasimulia, niliona tu rangi. Tuliposhuka chini Mbeere hadi Kiritiri jua likatupokea na vumbi lake, na Guka, yaani babu yangu, alikuwa amekaa nje na wazee wenzake wawili akitungoja. Alikuwa amevaa makoti matatu.

"Guka, si hapa ni joto?"

"Ni ya huko. Nimeanza kuzoea."

Asali ilikuwa ya mizinga yake mwenyewe. Mjomba akachanganya kinywaji hapohapo uani, kwa maringo yote ya kaunta: akarusha ganda la chungwa juu, akageuka, akanyoosha mkono kulidaka nyuma ya mgongo. Mbuzi akalidaka kabla yake. Likakatwa lingine, bila kurushwa. Karafuu zikaelea, mdalasini ukazama, na ile harufu ilipopanda hata mimi nikasimama wima. Sikuonja. Nilinusa tu, na kama mama yangu anasoma, nilinusa kwa mbali.

Guka akachungulia ndani ya chupa ya chai iliyojazwa. "Na hii ndiyo baba ya Wawira atakunywa?"

"Atamaliza, Baba."

Saa saba na nusu, Kianjokoma. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa, na majani chai yalikuwa yameloa kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Guka akawa anatetemeka ndani ya makoti yote matatu, akisema watu wa huku walimkosea Mungu wapi. Tukapokelewa vizuri, tukaketishwa, tukalishwa irio, tukaombewa. Tukaombewa tena. Katika maombi ya tatu nikaanza kushuku kitu. Ukutani palikuwa na cheti cha mzee wa kanisa chenye jina la Mzee Nyaga, baba yake Wawira, na chini yake maandishi yaliyofumwa kwa uzi mwekundu: NYUMBA HII HAINA POMBE.

Nikamkanyaga mjomba mguu. Alidhani ni msisimko. Akanikanyaga pia.

Guka, ambaye hasomi bila miwani, akainuka, akasema maneno yote ya mila, akamimina kikombe na kukiweka mbele ya Mzee Nyaga na Wawira. Mvuke ukapanda. Mzee Nyaga akavuta pumzi, na mashimo ya pua yakafunguka kama malango ya shule.

"Chai hii ina nini?"

"Wiski, Baba," akasema mjomba, kwa fahari.

Wawira akafunika uso kwa mikono miwili.

"Iondoeni," akasema Mzee Nyaga.

"Haiondoki," akasema Guka. "Mzee mwenzangu, kinywaji cha posa kikishawekwa mbele ya msichana hakirudi tulikotoka. Kikirudi, umetukataa."

"Sijawakataa. Kijana nampenda."

"Basi kunywa."

"Nimeokoka!"

"Basi umetukataa."

Mjomba alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Nimemwona mjomba amefukuzwa kazi, nimemwona ameumwa na nyuki, lakini sura ile sikuwa nimeiona.

Aliyetuokoa ni dada yake Mzee Nyaga, mama mnene tuliyeambiwa tumwite Shangazi. "Kwani pombe si ni mvuke tu?" akasema. "Ichemsheni mpaka itoke. Ikishatoka itabaki asali na viungo, na hizo hata Biblia inazo."

Wazee wa pande zote mbili wakatazamana.

"Na nani atajua imetoka?" akauliza Mzee Nyaga.

Nilikuwa nimevaa sweta ya shule. Sikuwa na nyingine safi. Macho yote yakatua kwenye ile nembo.

"Wewe kijana, unasoma kemia?"

"Ndiyo, Mzee." Hakuuliza napata alama gani, nami si mtu wa kujisifu.

Saa tisa, jikoni. Sufuria kubwa, moto wa kuni, na sisi watatu: mimi, Shangazi na kiberiti. Nikatangaza utaratibu wa kisayansi. Tutaleta njiti iliyowaka juu ya mvuke. Moto ukishika, pombe ingalipo. Shangazi akasema yeye ndiye atakayeinama, macho yake ni mazuri. Nikawasha. Moto wa bluu ukaruka *wuuuf* na kuondoka na nyusi yake moja.

Shangazi akajipapasa. "Bado iko," akasema kwa utulivu mkubwa.

Baada ya robo saa moto ukashika kidogo tu, kama kikohozi. Baada ya nyingine haukushika. Hapo ndipo ningetoa sufuria, na mngekuwa mnasoma kisa kingine. Lakini Mwenda akaniita nje nimwamulie: amebishana na wajomba wa Wawira kwamba anaweza kufika Meru na kurudi kabla chai haijapoa. Ubishi ule ulikuwa mtamu. Niliporudi, Shangazi alikuwa ameenda kutafuta kioo cha kuangalia nyusi, na ndani ya sufuria palikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, kizito kama lami, kimekumbatia karafuu zake.

Nikabeba nilichoweza kukwangua kwenye kisahani, na kijiko.

"Imetoka?" akauliza Mzee Nyaga.

"Imetoka, Mzee. Hata maji yametoka."

Akaangalia kisahani. Akamwangalia mjomba, ambaye alikuwa amefumba macho. Kisha akamgeukia binti yake, na kwa sauti nzito ya mila akauliza:

"Wawira, nilambe?"

"Lamba, Baba."

"Wawira, nilambe?"

"Baba, lamba!"

Mara ya tatu hata hakumaliza swali. Akakitia kijiko mdomoni, akakiondoa, akang'ata. Akainua kidole juu, ishara kwamba sasa anataka kusema jambo kuhusu vijana na pombe, na tukaona amelitayarisha kwa muda mrefu. Mdomo haukufunguka. Meno ya juu ni ya kununua, ya chini ni yake, na asali ya Mbeere haibagui.

"Mmmmh," akasema Mzee Nyaga.

"Amesema mmh!" Guka akaruka, makoti yote yakaruka naye. "Mmesikia?"

"Tumesikia!" wakajibu watu wetu, na mama za huko wakapiga vigelegele maana ukungu na kungoja vilikuwa vimewachosha.

"Mmmh! Mmh mmh!"

"Na amerudia!"

Saa kumi na nusu, kurudi. Guka alitusukuma kwenye pikapu. "Twendeni kabla hajafunguka!" Kwa mara ya kwanza kasi ya Mwenda ikaeleweka. Lakini mjomba hakufurahia. Alishika simu kwa mikono miwili njia nzima, akisema mtu akikubali akiwa amefungwa mdomo, huko ni kukubali kweli? Akifunguka na kusema hapana? Guka aliangalia nje.

Karibu na Embu mjini simu ikalia. Wawira. Mjomba akaweka sauti kubwa kwa sababu mkono haukuweza kufika sikioni.

"Baba amefunguka," akasema Wawira.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Yuko jikoni na kijiko. Anakwangua sufuria."

Mwenda akasimamisha gari pembeni bila kuambiwa, na mjomba akashuka akaenda kusimama peke yake kando ya barabara, ametupa mgongo, mabega yakitikisika. Tukamwacha.

Basi nilichojifunza, nyinyi wenye wajomba ambao hawajaoa, ni hiki: msipeleke kwenye posa kitu kinachoweza kumwagika. Pelekeni kinachoshika.