Barua Niliyoikalia

Kwenye ofisi zetu kuna dhambi moja ambayo haina jina zuri. Tunaiita kukalia. Mtu anakalia faili, anakalia kibali, anakalia uhamisho wa mwenzake mwaka mzima, na ukimuuliza anakwambia linashughulikiwa. Nimewalaani sana watu hao nikiwa upande wa pili wa dirisha. Kisha nikawa katibu wa timu ya mpira, na nikaikalia barua ya mtu aliyenifundisha kusoma.

Timu yenyewe ni ya hapa Tunduma, mpakani, ya kulipwa, daraja la kwanza. Msimu ule tulianza vibaya tukazidi kuharibu. Tulifungwa ugenini, watu wakasema ni uchovu wa safari. Tukafungwa nyumbani, hapo pakakosekana la kusema, na kocha mkuu akafukuzwa hata kabla jezi hazijakauka. Wakati tunatafuta mwingine, timu ikaachwa mikononi mwa kocha msaidizi, ambaye wote tulimwita Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwalimu kweli. Alifundisha shule ya msingi Igamba, kwetu, mpaka akastaafu. Asubuhi alitufundisha kusoma na hesabu, jioni mpira, na kote kuwili fimbo yake ilikuwa ile ile. Yeye si Mnyiha kama sisi, ni Mndali wa milima ya Ileje, ng'ambo ya Itumba, na Kiswahili chake hakijawahi kushuka kutoka milimani. Leseni za ukocha alizisomea likizo kwa likizo, ngazi kwa ngazi, wenzake wakiwa mashambani, hadi akaipata ile inayomruhusu mtu kuongoza timu ya ligi. Kwenye kamati wengi hawakulijua hilo. Mimi nilijua, kwa sababu siku alipoipata alinipigia simu kabla ya mtu mwingine yeyote, akaniambia, "Mwanangu, nimefaulu."

Alipokaimu, timu ikatulia. Hatukugeuka kuwa moto wa kuotea mbali, hapana, ila mabeki waliacha kugombana na winga wetu akakumbuka kwamba ana wenzake wa kupewa mpira. Tukapata sare, kisha ushindi, kisha ushindi mwingine. Baada ya ushindi huo wa pili mwandishi mmoja wa mtandaoni alimwekea kipaza sauti mdomoni akamuuliza siri ni nini.

Mvua ilikuwa imenyesha. Mwalimu alikuwa amevaa gambuti, sweta lililotoboka kiwiko, na kofia ya sufu aliyofumiwa na mkewe. Akajibu kwa lafudhi yake ile, taratibu, akieleza kwamba timu ni shamba la maharage, ukichelewa kupalilia usiilaumu mbegu. Hayo tu. Lakini kufikia kesho yake asubuhi kipande kile cha video kilikuwa kimezunguka nchi nzima, watu wamekitia muziki, na jina la kocha wa maharage limeshamganda.

Mimi nilikipokea nikiwa kwenye kiti cha kinyozi. Nilicheka. Kisha nikakituma kwenye kundi la wanakamati, na chini yake nikaweka vile vikatuni vinavyotoa machozi ya kicheko. Lakini nilipoirudia sauti ile nikahisi uso unanichoma, kwa sababu ndiyo sauti niliyokuwa nayo mimi nilipofika mjini, na miaka mingi nimeifanyia kazi kuing'oa ulimini. Niliona nchi nzima inatucheka watu wa mkoa wetu wa Songwe, na badala ya kuwakasirikia wanaocheka nikamkasirikia anayechekwa.

Wiki hiyo hiyo ndiyo Mwalimu alileta barua.

Hapa lazima nimweleze mwenyekiti wetu. Alifanya kazi ya kutoa mizigo forodhani maisha yake yote, na mtu wa mpakani anaamini karatasi kuliko anavyoamini macho yake. Lori linaweza kuwa limesimama mbele yako na tani zake thelathini za shaba, lakini kama nyaraka hazijafika, kwa mwenyekiti lori hilo halipo. Alitangaza kwamba nafasi ya kocha mkuu iko wazi, kila anayeitaka aandike barua, barua zipitie kwa katibu. Asiyeandika hataki. Ndivyo alivyosema, na wote tuliona ni haki.

Mwalimu alinikuta ofisini peke yangu. Alitoa bahasha ya kaki kwenye mfuko wa ndani wa koti, akanipa kwa mikono miwili, akiinamisha magoti kidogo kama anavyofanya mtu wa kwetu mbele ya mkubwa wake. Mimi! Mtu aliyenifuta makamasi ananiinamia kwa sababu ya kiti nilichokalia. Nikamwambia nitaifikisha. Akasema, "Ahsante, mwanangu, sitakusumbua tena." Na kweli hakunisumbua, maana kwao ukishaomba mara moja unangoja, na kuulizia ni kumtuhumu uliyemkabidhi.

Niliitia kwenye droo. Nilijiambia naiweka tu mpaka kikao. Siku ya kikao nilizipanga barua zote mezani, ile nikaiacha drooni. Sikuisahau. Ningependa sana kuandika hapa kwamba niliisahau. Hata kuifungua sikuifungua, kwa sababu barua ambayo hujaisoma unaweza kujidanganya kwamba hujaikataa.

Kamati ilimpenda mwombaji wa ng'ambo. Tunduma tuna ugonjwa wetu: kitu kikishavuka mpaka, kinapanda hadhi. Sukari ya upande wa pili ni tamu zaidi, sabuni yao inatoa povu zaidi, na wao kule Nakonde wanasema hivyo hivyo kuhusu vitu vyetu. Mwombaji yule alikuwa ameambatisha picha akiwa amevaa suti ya michezo nyeupe, mikono kifuani. Mjumbe mmoja akasema huyu hata akihojiwa hatatuaibisha, na watu wakacheka kidogo wakinitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyewatumia kile kipande. Mwenyekiti akauliza kama Mwalimu ameandika. Nikasema barua zote ziko hapo mezani. Akasema basi labda mzee amechoka, tusimlazimishe.

Kilichofuata nakikumbuka kila ninapopita pale mpakani. Kocha mpya, yule wa suti nyeupe, alikuwa anavuka kwa miguu kwa sababu ya foleni ya malori, na mtu wa kumpokea alitakiwa kuwa mimi. Niliogopa kukutana na Mwalimu baadaye na kumweleza mwenyewe kwamba kazi amepewa mwingine. Basi nikampigia, nikamwambia kuna mgeni wa timu anaingia, tafadhali akampokee. Sikusema mgeni gani. Alikwenda akiwa amevaa koti lake la kanisani. Nilisimama upande wa pili wa barabara, nyuma ya meza za wabadili fedha, nikamwona anamsalimia yule bwana kwa Kibemba kidogo anachokijua, mulishani, anacheka, anachukua sanduku lake na kuliweka begani. Walitembea pamoja mpaka hotelini. Njiani, nilivyokuja kusikia, mgeni mwenyewe ndiye aliyemweleza kwamba yeye ndiye kocha mpya. Mwalimu akamfikisha, akamwombea heri, akarudi mazoezini kupanga koni. Aliponiona jioni ile alisema tu kwamba mgeni amefika salama.

Sitamsema vibaya kocha yule. Alijua kazi, ila hakutujua sisi, nasi tulikuwa tunaitikia kila alichosema, hata tusichokielewa, ili tusionekane washamba. Wachezaji nao waliitikia. Uwanjani kila mmoja alifanya alichodhani amekielewa. Tulipoteza mechi moja baada ya nyingine. Jumamosi moja asubuhi akasema anavuka mara moja kusalimia nyumbani, na sanduku akalichukua. Hakurudi.

Mwenyekiti akaitisha kikao cha dharura na safari hii akamwita Mwalimu aingie. Alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kofia ya sufu magotini. Mwenyekiti akamwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyangojea kwa hofu tangu siku ya droo.

"Mwalimu, mimi nina lawama nawe. Ungeandika barua ile mara ya kwanza, tungekupa wewe. Wallahi tungekupa. Tulisubiri barua yako hatukuiona."

Nilimwona Mwalimu anaelewa. Alikuwa ameishi wiki zote hizo akiamini kamati imemsoma, imempima, imemkataa, naye ameupokea uamuzi huo kama mtu mzima. Sasa aligeuza kichwa polepole akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama darasani nikitoa jibu la kunakili kwa jirani.

"Ni kweli, mwenyekiti," akasema Mwalimu. "Sikuandika."

Mtu huyu ni mzee wa kanisa. Tukiwa watoto alituchapa zaidi kwa uongo kuliko kwa kosa lingine lolote.

Mwenyekiti akafurahi, akasema basi aandike hapo hapo, mambo yaende kwa utaratibu. Mwalimu akaniomba karatasi. Nilichana ukurasa kwenye daftari la kumbukumbu za vikao nikampa. Aliandika bila kusita, bila kufuta, kama mtu anayeandika kitu alichokwisha kukiandika. Alipomaliza akasimama, akazunguka meza yote, akanikabidhi mimi, kwa mikono miwili na magoti yakiinama vile vile. Mwenyekiti akaniambia nisome kwa sauti.

Nilisoma kwamba anaomba kazi. Nilisoma leseni zake, na wajumbe wakatazamana. Nilisoma kwamba anawapenda vijana wa timu na anazijua tabia zao. Sentensi ya mwisho ilisema: "Kwa habari zangu zaidi naomba mumwulize katibu wenu, ambaye nimemfundisha tangu utoto na ambaye ataweza kunishuhudia."

"Haya, katibu," akasema mwenyekiti, "mshuhudie."

Nikasema namjua, anafaa. Maneno mawili. Nafasi ya kusema lililobaki ilikuwa pale, mlango wazi, na wote wananisikiliza. Nilifunga daftari. Wakapiga makofi na Mwalimu akawa kocha mkuu, zikiwa zimebaki mechi za kuhesabu kwenye vidole.

Alifanya alichoweza. Timu ilianza tena kucheza kama timu, tukashinda hata mechi ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzizika. Lakini pointi tulizozimwaga wakati barua iko drooni hazikurudi, na siku ya mwisho tukashuka daraja kwa tofauti ndogo mno. Mashabiki hawakumkumbuka kocha wa suti nyeupe. Walimzomea aliyekuwepo. Walirusha maganda ya maharage kwenye benchi, wameyabeba kwenye mifuko kutoka nyumbani, wamejiandaa. Mwalimu alisimama hapo mpaka mchezaji wa mwisho akaingia ndani. Mpaka leo ukiuliza nani alishusha timu, utatajiwa yeye.

Alirudi kwao. Mimi nilibaki na ukatibu, na bahasha. Miezi ikapita, nikaona siwezi. Nikapanda gari la asubuhi mpaka Itumba, bahasha iko mfuko wa ndani wa koti, pale pale alipokuwa ameiweka yeye. Kutoka Itumba nilipanda mlima kwa miguu, ukungu umefunika mabonde, na njia nzima nilikuwa narudia maneno yangu. Mwalimu, nimekosa. Barua yako niliikalia mimi. Nitamwambia mwenyekiti, nitawaambia wote.

Nilimkuta anapalilia, amevaa gambuti zile zile. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaegemea jembe. Tuliulizana habari za nyumbani, za mvua, za mkewe. Aliulizia wachezaji mmoja mmoja, nani kahama, nani kaoa. Nikagundua kwamba tangu nifike hajaniita mwanangu. Ananiita katibu.

Tukaishiwa habari. Mkono wangu ulikuwa ndani ya koti, nimeishika bahasha, naisikia kona yake. Naye aliuona mkono. Alingoja, kama alivyokuwa akingoja darasani, kwa subira yote ya mtu anayetaka ufaulu.

"Umekuja na kitu, katibu," akaniuliza, "au umekuja kusalimia tu?"

Nikautoa mkono mtupu.

"Nimekuja kusalimia, Mwalimu."

"Haya," akasema, akainua jembe lake. "Salamu nimezipokea."