Kofia ya Baba na Taarifa ya Habari

Wenzangu mliokua wakati redio moja ilitosha kijiji kizima, sogeeni karibu tukumbushane. Hawa wajukuu zetu wana televisheni ukutani na simu mfukoni, na bado ukiwauliza kuna habari gani wanakujibu, "Hamna kitu, Bibi." Sisi pale Kinyangiri, mkoani Singida, tulikuwa na redio moja tu, nayo ilisikika muda mfupi kila jioni, lakini tulipata habari za kubishania mpaka kesho yake.

Redio yenyewe ilikuwa ya baba yangu. Alirudi nayo kutoka Tanga, alikokwenda kukata mkonge akiwa kijana, pamoja na mali nyingine mbili: kofia ya pama nyeusi yenye ukingo mpana, na Kiswahili. Msicheke, Kiswahili kilikuwa mali. Wazee wetu walizaliwa na kuzeeka ndani ya lugha yetu ya Kinyiramba, na Kiswahili walichokuwa nacho kilikuwa cha kuuzia mbuzi mnadani. Kwa mbuzi kilitosha. Kwa mtangazaji wa Dar es Salaam, aliyesoma kama mtu anayewahi basi, hakikutosha hata kidogo.

Tulipohamia kijiji cha Ujamaa na nyumba zikapangwa mstari, baba alichaguliwa kuwa muuzaji wa duka la kijiji. Redio nayo ikahamia dukani, ikakaa kwenye rafu kati ya sabuni za mche na mifuko ya chumvi, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama. Aliyeruhusiwa kuigusa alikuwa baba peke yake. Sisi watoto tulipewa betri. Zilipoanza kuchoka na sauti ya mtangazaji ikawa kama ya mgonjwa, tulizianika juu ya paa bapa la tembe yetu ya udongo pamoja na mlenda na mbegu za maboga, tukakaa chini na fimbo kuwafukuza kuku. Jioni zilikuwa zimepata nguvu kidogo, za kutufikisha mpaka habari za nchi za nje. Michezo mara nyingi hatukuifikia. Ndiyo maana wanaume wa rika langu kule kwetu walikuwa wakijua vita vya mbali kuliko mpira.

Saa ya habari ilipokaribia, ng'ombe wameshaingia zizini na vumbi lao bado linaelea njiani, wazee walikuja na vigoda vyao. Kina mama walikuja na watoto mgongoni, wengine na ungo wa uwele wakiendelea kuchagua mawe. Tulipita tukisema shikamoo kwa kila mmoja, na ole wako umruke mtu, kwani jibu lake lilikuwa kukuita kwa sauti na kukuuliza kama leo umemwona au hukumwona. Ngoma ya taarifa ya habari ikilia, hata kikohozi kilimezwa. Baba alisikiliza amefumba macho, kiganja kimelala juu ya redio. Ikiisha aliizima mara moja kuokoa betri, akasafisha koo, akaanza kuieleza kwa Kinyiramba.

Hapo ndipo utamu ulipokuwa. Redio ikisema ofisa fulani amehamishwa, kwa baba yule ofisa alikuwa anachelewa kazini, anasinzia mezani, na mkewe alikuwa ameshamwonya. Redio ikisema kuna mapigano katika nchi fulani, baba alijua askari walikula nini asubuhi. Redio ilizungumza kidogo, baba akazungumza mpaka ugali ukapoa majumbani. Tukirudi nyumbani mama alikuwa akisema, bila kumtazama, kwamba leo mtangazaji alikuwa na mengi. Baba alikuwa akijibu kwamba dunia nayo ina mengi.

Sasa ukaja msimu ambao mvua ilichelewa. Shamba la kijiji lilikuwa limeshalimwa, udongo umegeuzwa, mbegu za uwele ziko ofisini kwa mwenyekiti. Nyingi zilikuwa zimetolewa na Mzee Kitundu, mzee mpole aliyekuwa na ghala zuri kuliko wote, ambaye alizitoa bila kushurutishwa kwa sababu aliamini kweli maneno ya kulima pamoja. Kila mtu alikuwa anatazama mawingu. Jioni moja redio ikasema wataalamu wanatarajia mvua kuanza katika mikoa ya kati. Maneno yalikuwa ni hayo tu. Baba akafungua macho, akasafisha koo, akawaambia watu kwamba mvua imeshafika Dodoma, inapanda kuja huku, na kesho kutwa watalala wakiisikia juu ya paa. Akamalizia kwamba mwenye akili apande kesho.

Kumbe wote tulikuwa na akili. Asubuhi yake kijiji kizima kilishuka shambani, majembe begani, wimbo mbele. Watu wazima walifukua, sisi watoto tukafuata na vibuyu vya mbegu tukidondosha na kufukia kwa nyayo. Mwenyekiti wetu, mtu mwembamba wa kaunda suti, alipita akisema kila hatua kwamba hii ndiyo faida ya elimu ya watu wazima. Tulirudi tumechoka na tumefurahi, tukaanza kuingoja mvua.

Kesho kutwa ilifika na jua lake. Siku iliyofuata pia. Kanga na kwale walishuka kwa makundi kulifukua shamba la Ujamaa bila kujali itikadi, na kilichowashinda wao kilibebwa na sisimizi. Mzee Kitundu alikwenda kufukua mahali pamoja kwa kidole, akakuta tundu tupu. Alirudi nyumbani kwake bila kusema neno, na ukimya wake ulitutisha kuliko kelele za wengine.

Mkutano ukaitwa mbele ya duka. Nakumbuka baba aliitoa redio mwenyewe, akaiweka juu ya gunia la chumvi, kwa sababu watu walidai iwepo. Walikuwa na hasira nayo. Mmoja akasema redio hii ni mwongo na irudishwe huko Tanga. Mwingine akasema watu wa Dar es Salaam hawajawahi kushika jembe, watajua nini habari ya mvua. Mwenyekiti akaona mambo yanaelekea pabaya, akasimama kueleza kwamba redio ni sauti ya taifa na haiwezi kusema uongo. Basi wakamuuliza: kama redio haikudanganya, ni nani aliyewadanganya?

Nilikuwa nimekaa miguuni kwa mama. Baba hakuwa na haja ya kusema chochote. Hakuna mwingine aliyekuwa ameyaelewa yote yaliyotoka kwenye lile boksi, na boksi lisingeweza kujitetea. Angenyamaza tu, redio ingebeba lawama, naye angebaki na heshima yake. Lakini baba alisimama, akavua kofia, kitu ambacho alikifanya kanisani na msibani tu, akaishika kifuani.

"Redio ilisema mvua inatarajiwa mikoa ya kati," alisema. "Kesho kutwa ilikuwa yangu mimi."

Kisha Mzee Kitundu akainua fimbo yake taratibu.

"Mwanangu, na ile dawa ya ng'ombe tuliyoambiwa inaletwa bure?"

"Dawa ni ya redio," baba akajibu. "Bure ni yangu."

"Na yule ofisa aliyehamishwa kwa uvivu?"

"Kuhamishwa ni kwa redio, mzee. Uvivu ni wangu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, akashindwa. Wakaanza kumuuliza habari za mwaka mzima, moja baada ya nyingine, na baba amesimama kichwa wazi anazichambua kama mama anayepepeta uwele: hii ya redio, hii yangu, hii ya redio, hii yangu. Ikaonekana kwamba zile walizozipenda zaidi, walizozisimulia mpaka vijiji vya jirani, karibu zote zilikuwa zake. Mpaka mwisho hata mwenyekiti alikuwa anafuta machozi ya kucheka na mkono wa kaunda suti.

Lakini mbegu zilikuwa zimekwenda, na hilo halikuwa la kuchekesha. Baba akasema atazirudisha kutoka ghala letu. Nilimwangalia mama. Ghala letu halikuwa kubwa, na uwele ule ndio uliokuwa utufikishe kwenye mavuno. Mama akainuka, akaenda nyumbani, akarudi na ungo wa kwanza kichwani. Kwa hiyo msimu ule tulikula mihogo mpaka nikaichukia, na mama hakuzungumza na baba ila kwa kupitia sisi watoto. "Mwambieni mtangazaji chakula kiko tayari."

Kuhusu redio, bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyetoa hukumu. Alisema mtoto wake amevua kofia ili aseme lililo lake, basi na afanye hivyo siku zote. Akiwa anasema ya redio, kofia ikae kichwani. Akianza kusema yake, aivue, watu wajue. Watu wakakubali kwa makofi, na mwenyekiti akaliingiza kwenye maazimio ya kijiji.

Mvua ilikuja baadaye, ikatukuta tumepanda upya, na uwele ulitoka vizuri tu. Baba alishika azimio lile mpaka uzeeni. Jioni alieleza habari kofia kichwani, kwa kifupi, sauti kavu, na wazee wakasikiliza kwa adabu. Halafu mkono wake ulipopanda kuelekea kwenye ukingo wa kofia, vigoda vyote vilisogea mbele. Mchezo huo uliingia mpaka nyumbani kwetu. Mama akiambiwa mboga ni tamu, aliangalia kwanza kama kofia iko kichwani au kwenye msumari, ndipo akaamua kama atabasamu.

Nilipopata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja Singida Mjini, niliikumbuka kofia ile mara nyingi. Bosi wetu alikuwa na tabia ya kutuambia kila jambo ni maagizo kutoka juu: kufika mapema, kufagia uwanja, hata kuchemsha chai yake bila sukari. Nilikuwa nikitazama kichwa chake nipate kujua lipi limetoka juu na lipi limetoka kwake, lakini kilikuwa kipara tu, hakina msaada wowote. Leo nimestaafu, nakaa mtaa wa Utemini palepale mjini, na kila jioni natazama televisheni. Wanakaa watu wanne kwenye meza, suti nzuri, wanabishana siasa kwa pamoja, na maandishi yanakimbia chini ya miguu yao yakibishana na kila mmoja. Natafuta kofia, siioni. Na kwenye kundi la ukoo la simu ndiyo usiseme. Juzi mtu alituma kwamba kesho ni sikukuu, mjukuu wangu Baraka akalala mpaka jua likamchoma miguu, akafika kazini wenzake wanajiandaa kula mchana.

Huyo Baraka wiki iliyopita alirudi kutoka kazini uso umemshuka, akasukuma sahani. Akasema wanapunguzwa, kwamba mwezi ujao hana kazi, na hata kodi ya chumba anachotaka kupanga basi tena. Niliinuka nikaiondoa kofia ya baba kwenye msumari juu ya televisheni, maana ndiyo urithi niliouomba mimi, nikamvika. Ilimshuka mpaka kwenye masikio.

"Haya, sema," nikamwambia. "Mkuu wako amesema nini?"

Akafikiri. "Amesema Jumatatu kuna kikao cha wafanyakazi wote, Bibi."

"Halafu?"

Kisha mkono ukapanda taratibu, akaivua ile kofia, akaiweka mapajani, akaanza kucheka mwenyewe. Akavuta sahani. Hatujui bado Jumatatu italeta nini, lakini usiku ule mtoto alikula akashiba.

Wenzangu, haya yote nimeyasimulia kama yalivyokuwa, kilemba changu kikiwa kichwani. Sasa nakivua, nakiweka hapa pembeni, msije mkasema sikuwaambia: naona enzi zetu zilikuwa nzuri zaidi, uwele ulikuwa mtamu zaidi, na hajatokea tena mtangazaji kama baba yangu.

Hiyo ni yangu.