Mazishi Yaliyochapwa Upya

Mama mkwe wa Erastus Masinde aliitwa Maximilla. Nalitaja jina mimi kwa kuwa hakunizalia mke. Erastus mwenyewe hajawahi kulitamka, wala hajawahi kumpa mama huyo mkono, wala kuketi naye meza moja, na hakuna aliyeona ajabu, maana ndivyo mkwe na mama mkwe wanavyoheshimiana huku kwetu. Akifika Khayega kumsalimia, alikaa nje kando ya ukuta wa jikoni, mama akawa ndani, na maneno yakapita kwa Dinah, mkewe Erastus, aliyesimama mlangoni. Kwa miaka mingi yalipita salama. Sukari ilikwenda, ndizi zikarudi.

Kisha Erastus akaandika kitabu.

Alikuwa karani wa mizani ya miwa upande wa Matete. Kazi ya mizani ina kungoja kwingi: trekta zimepanga foleni, madereva wamelala chini ya trela, na karani ana kalamu mkononi. Mwingine angecheza drafti. Yeye aliandika riwaya, akaiita Miwa Haina Mwenyewe, habari za mtu aliyeng'oa mahindi yote akapanda miwa mpaka mlangoni, jamaa yake ikalala njaa katikati ya shamba lililostawi. Wachapishaji wa Nairobi hawakumjibu. Akasema potelea mbali, akajichapishia mwenyewe, mwaka wa tisini na mbili, kwa Osundwa, mchapaji wa mjini Kakamega aliyekuwa akiishi kwa kadi za harusi na ratiba za mazishi.

Kitabu kilipendwa. Walimu walikinunua, wakata miwa walisomeana, na askari mmoja wa msitu alitoka Isecheno mpaka mizani kumshika mkono kwa ajili ya sura ya tano, ile ya msitu kukipambazuka. Erastus aliipenda sura hiyo kuliko zote. Alikuwa akiisoma peke yake, kwa sauti, akidhani hakuna anayemsikia.

Taabu ilikuwa sura ya kumi. Humo mama mkwe wa yule mtu wa miwa anakufa. Na Erastus, kwa uvivu wa waandishi ambao mimi siuvumilii, hakujisumbua kubuni mama mkwe mpya. Alimchukua wake mzima mzima: ugoro umefungwa kwenye pindo la leso, kicheko cha kuziba mdomo kwa kiganja. Tena kitabu kilikuwa kimerefuka. Kurasa hushonwa mafungu mafungu, kumi na sita kila fungu, na Osundwa alisema fungu la mwisho limejaa, atafute pa kupunguza. Erastus akapunguza mazishi. Yakabaki mistari mitatu: walimzika jioni ile ile, mvua ikinyesha, kisha kila mtu akaenda zake. Yeye aliiona mistari mizuri, yenye huzuni.

Kanisani Khayega akina mama wa kwaya walikisoma kwa zamu baada ya mazoezi. Walipofika sura ya kumi aliyekuwa akisoma alishusha sauti, kisha akanyamaza kabisa. Maximilla alikuwa ameketi pale pale, ugoro pindoni.

Tangu hapo sukari ya Erastus ikawa inarudi. Blanketi aliyompelekea Krismasi ilirudi imekunjwa vile vile alivyoikunja. Na kumrudishia mkwe zawadi si jambo dogo, ni kumwambia hatujuani. Kisha likaja neno lenyewe, Dinah akalileta macho yamevimba.

"Mama amesema siku akifa usikanyage kwake."

Sasa fikiria. Siku ya kumzika mzazi wa mke, mkwe huingia bomani na watu wake wakiimba, ng'ombe mbele, na mke akiwaona huinua kichwa, kwa maana alikoolewa anahesabiwa. Dinah angesimama peke yake, na wanawake wenzake wangemtazama kwa pembe ya jicho mpaka naye azeeke. Mama naye alikuwa anakwisha. Miguu ilivimba, kila mvua ikianza yeye hukohoa hadi mvua iishe. Erastus aliogopa, na alimwambia mkewe hivyo, kwamba anaogopa.

Mwaka wa tisini na sita nakala zikawa zimekwisha, walimu wanaulizia, na Osundwa akapendekeza wachape tena. Erastus akaona hapo ndipo pa kutengenezea mambo. Alikuwa ameshajiamulia zamani kilichomuudhi mama: ule ugoro, na pale kitabuni anapokwenda kuomba unga kwa mkwe. Nani angependa kuonyeshwa hivyo? Basi akakaa na kalamu nyekundu, akamtoa. Alimfuta kila alipotajwa. Mahali pake akaweka jirani asiye na jina, ambaye katika sura ya kumi hafi, anahamia Lugari tu. Kazi hiyo ilimchosha, lakini alipomaliza alijisikia mwepesi. Akampa Dinah karatasi zilizopigwa taipu, akamtuma Khayega: mwambie mama hayumo tena.

Dinah alirudi, akavua viatu, akakaa.

"Amesemaje?"

"Amesema hivi. Kwanza alinizika kama mtu aliyejinyonga. Sasa anasema sikuzaliwa."

Erastus hakuelewa. Kujinyonga kumetoka wapi? Kitabu hakikusema popote kwamba mtu alijinyonga.

"Kwani anayezikwa jioni ile ile," Dinah alisema, "bila matanga, bila ngoma, bila kungojewa wakwe zake, huwa ni nani?"

Jibu Erastus alilijua, kila mtoto wa huku analijua. Aliyekufa kwa kamba ndiye anayefukiwa upesi, watu wakaondoka bila kuagana. Na yeye, mtu wa hapa hapa, aliyekula matanga mangapi sijui, aliandika mambo hayo akiwazia mafungu ya Osundwa. Miaka yote alijitetea kwa habari ya unga na ugoro, kumbe alichokosea ni mazishi. Halafu akaja kurekebisha kwa kumfuta mama wa watu. Aliruka mkojo akakanyaga mavi, na nasema hivyo kwa heshima zote.

Jumamosi alikwenda mwenyewe. Akakaa kando ya ukuta, Dinah mlangoni. Ndani moshi wa kuni, na kikohozi.

"Mwambie mama nimekuja kuuliza," Erastus alisema.

"Aulize," ikasema sauti ya ndani, kabla Dinah hajageuka.

"Mwambie naomba anieleze jinsi anavyotaka kuzikwa. Kitabuni."

Mama alisikika akisogeza sufuria.

"Mwambie huyo mtu mimi si mwandishi."

"Mwambie hata mimi si mwandishi, nilijidhania tu," Erastus alisema.

Hilo lilimfanya mama avute pumzi kidogo. Halafu akaanza. Alitaka watu wakeshe mpaka wachoke. Alitaka isukuti, ngoma yetu ya mazishi, ipigwe, na wapigaji wapewe chai mapema wasije wakalegea. Kwaya ivae vitambaa vyeupe. Kaka yake Protus asipewe nafasi ya kusema, kwa sababu akishika kipaza sauti haachi. Lango lipanuliwe ng'ombe apite. Na watu wale washibe.

"Mwambie mama, kitabuni kuna njaa," Erastus alisema. "Shamba lote ni miwa. Watakula nini?"

"Watu wa kitabu chake hawana majirani?" mama akauliza. "Sisi tunazikanga hata mwaka wa njaa. Mmoja analeta unga, mwingine kuku. Alikuwa anaangalia nini siku hizo zote alizokula kwa watu?"

Erastus aliandika. Aliona aibu, na pia, mwandishi ni mwandishi tu, aliona kwamba kitabu chake kilikuwa na shimo mahali hapo na hakuna mwalimu aliyewahi kumwonyesha.

"Mwambie mama," alisema mwishoni, "na yule mkwe? Afanye nini?"

"Hilo aandike mwenyewe."

Akaandika. Aliandika akafuta sentensi nyingi kwenye hayo mazishi. Alipofikisha kazi mjini, Osundwa alihesabu, akakuna kidevu. Mazishi yamezidi fungu, alisema, ama tuongeze fungu jingine, ama utoe kitu. Uwezo wa fungu jingine haukuwapo. Erastus alifunua karatasi mbele, akafunua nyuma, mpaka akafika sura ya tano, akakaa hapo.

"Toa hii," alisema.

"Msitu?" Osundwa alimtazama. "Erastus, hii ndiyo watu wanasifu."

"Najua. Toa."

Ilimuuma. Mpaka leo wako wasomaji wenye chapa ya kwanza ambao hawajamsamehe. Mimi ni mmoja wao, nilimwambia wazi, naye alisema pole.

Kitabu kilitoka kabla ya Krismasi. Alikichukua kikiwa bado kinanuka wino, akaenda nacho Khayega, akakaa kando ya ukuta, akafungua sura ya kumi. Hakumpa Dinah asome. Alisoma mwenyewe, kwa sauti, akitazama mawe ya ukuta.

Akasoma watu wakikesha. Akasoma isukuti, vitambaa vyeupe, jirani mmoja baada ya mwingine akiingia na unga wake kwenye boma la mtu aliyepanda miwa mpaka mlangoni. Akafika pale mkwe anapotokea na ng'ombe, watu wake wanaimba, na yeye anasimama langoni hawezi kuimba wala kuingia, kwa sababu mama huyu alikuja kwake kuomba unga na yeye akamwonyesha miwa. Hapo sauti ilimkatika Erastus. Alijaribu tena mstari ule ule, akashindwa. Dinah alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, analia bila kujificha. Ndani hakuna aliyekohoa.

"Mwambie aendelee," mama akasema. "Bado hajanifunika udongo."

Akaendelea mpaka mwisho, polepole, mpaka udongo ukawekwa na watu wakaagana vizuri. Akafunga kitabu, akakiweka magotini.

"Dinah."

"Mama."

"Mwambie nikifa aje."

Erastus aliinamisha kichwa. Dinah alifungua kinywa ampelekee neno, kama desturi, ingawa lilikuwa limemfikia.

"Na aje na ng'ombe," mama akasema. "Asidhani huyo wa kitabu ametosha."