Umeme wa Mdogo Wangu Hauumi

Darasa la saba niliishia, na hilo la saba lenyewe kwa kusukumwa. Lakini ukipita Themi ukasikia karakana inanguruma, ujue mkono wangu umepita humo. Njia ya Kisongo ipo hoteli ambayo waya wake wote nimevuta mimi, na wahandisi wenye vyeti hunipigia simu kuuliza. Najivuna, ndiyo. Nimejifunza kwa kuungua vidole, kwa nini nisijivune? Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba katika habari ya kaka yangu sikukosea kwa kutojua.

Kaka alikuwa mzee wa kanisa huko kwetu, mteremko wa Meru, na alikuwa na mashine ya kumenya kahawa mbivu. Wakati huo nguzo za umeme zilikuwa hazijapanda mpaka kwetu, nikamfungia jenereta. Nilimfungia kwa namna niliyofundishwa na fundi mmoja mzee: hakuna waya wa jenereta unaoshikizwa ardhini. Kahawa ikishachumwa haingoji. Jenereta iliyoshikizwa ardhini, waya mmoja ukichubuka ukagusa chuma, fyuzi inakatika na kazi inalala. Hii nyingine waya mmoja ukigusa ardhi haijali, inaendelea kuzunguka kama kawaida. Ubaya wake ni huo huo. Kosa la kwanza linakaa kimya, linangoja la pili.

Ndiyo maana nilimwekea ubaoni vitaa vitatu na kitufe. Kila asubuhi abonyeze. Vikiwaka sawa, salama. Kimoja kikififia na viwili vikizidi kung'aa, waya mmoja umeshika ardhi: zima, tafuta ulipochubuka.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza nilivua viatu mbele ya wakulima, nikasimama peku kwenye udongo, nikaweka kidole kwenye waya ulio wazi. Akina mama walipiga kelele.

"Jamani, huyu ana dawa!"

"Dawa yangu ni akili," nikawajibu.

Hapakuwa na dawa wala akili nyingi. Umeme ukitoka kwenye jenereta hutaka kurudi kwenye jenereta, na kwa kuwa hakuna kilichoufunga na ardhi, kwa mtu aliyesimama ardhini haukuwa na njia ya kurudia kwao. Nilirudia mchezo ule kila msimu. Kaka aliupenda kuliko mtu yeyote. Alikuwa akinishika bega na kuwaambia watu, "Huyu tumenyonya ziwa moja."

Jumamosi moja ya msimu alinipigia simu asubuhi. Nilikuwa juu ya ngazi pale Kisongo, mwenye hoteli amesimama chini ananitazama.

"Mdogo wangu, kitaa cha kati kimefifia. Hivi viwili vinang'aa kama macho ya paka."

"Mashine inazunguka?"

"Inazunguka vizuri tu. Watu wamejaa hapa na debe zao."

"Basi endelea, kaka. Jumatatu nitapanda."

"Hakuna neno?"

"Si mimi niliyefunga? Hakuna neno."

Nilijua kuna neno. Ila sikutaka mwenye hoteli asikie kwamba kazi yangu mahali fulani ina hitilafu. Hata maneno mawili, usiguse waya, sikuyasema.

Yaliyofuata nimesimuliwa na waliokuwepo. Mchana jirani mmoja, akingoja zamu yake, alianza kumtania. "Mzee wa kanisa, mashine ni ya mdogo wako, wewe kazi yako kubonyeza kitufe tu!"

"Umeme wa mdogo wangu hauumi," kaka akasema. "Njoo uone."

Akaanza kuvua mabuti.

"Baba, acha mchezo, vaa viatu," mama mmoja akamwambia. Akacheka.

Waya wa pampu ya maji ya mashine, kule chini mferejini, ulikuwa umesuguana na chuma mpaka ukachubuka. Ardhi yote aliyosimama juu yake ilikuwa tayari imekuwa waya. Aligusa mwingine. Wanasema mashine haikukata hata kidogo. Ilimenya kahawa mpaka mtu mmoja alipopata akili ya kuizima.

Tulimzika migombani, nyuma ya nyumba. Shemeji, mke wake, aliniuliza tukiwa bado tumesimama kaburini. "Shemeji, wewe ndiye fundi. Kulikuwa na dalili yoyote?"

"Hakukuwa," nikasema.

Nikapokea pole za watu. Misimu minne nilizipokea.

Mwaka huu nilikata jani la sale. Kwetu aliyekosa akija na sale mkononi hakataliwi. Nilimkuta shemeji anachambua maharage.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Dalili ilikuwepo. Alinipigia simu asubuhi ile."

Akapokea lile jani, akaliweka juu ya ungo.

"Najua. Nilikuwa nimesimama pembeni yake."

Akaendelea kuchambua.

"Sale nimelipokea, shemeji. Nimekusamehe."

Nikapata nguvu. Umeme ulikuwa umefika kijijini, nguzo imesimama karibu na geti lake. Nikamwambia, niruhusu nikufungie nyumba, kwa mikono yangu mwenyewe, nitaweka waya wa ardhi, nitaweka kila kitu.

"Hapana," akasema, sauti yake ya kawaida kabisa. "Watoto wa kaka yako wanalala humu. Kuna fundi wa Terrat, anakuja Alhamisi."

Alhamisi nilipanda. Nilisimamisha gari ng'ambo ya barabara. Yule fundi alikuwa kwenye kona ya nyumba, anapigilia ardhini fimbo ya shaba ya waya wa ardhi, anaipiga upande, inapinda, anainyoosha, anaanza tena. Shemeji amesimama karibu naye anamwangalia. Kazi ile mimi ningeimaliza kwa nyundo kumi. Nilikaa ndani ya gari, vioo juu, mpaka akamaliza.