Michirizi kwenye Singo ya Yusrah

Mimi, Siwema, mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini siku ya singo ya Yusrah uliniponza kuliko siku zote. Nitasema yote, ila kwanza mumjue Sikuzani.

Sikuzani ni jirani yangu hapa Chanzuru, ukuta kwa ukuta. Analima ufuta, anautwanga na kukamua mafuta mwenyewe, na wajawazito wa mtaa mzima wanakwenda kwake kupakwa matumbo. Yeye hajazaa. Mumewe alimwacha kwa hilo hilo, mwaka wa saba wa ndoa, akaoa mwingine huko Malolo. Habari hiyo hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anaijua.

Biashara haijui, nasema wazi. Mimba yangu ya kwanza, mwezi wa saba, tumbo lilijaa michirizi ya zambarau, inawasha mpaka machozi. Nikapanda bodaboda hadi sokoni Kilosa, nikanunua mkorogo kwenye kikopo kisicho na jina. Dada muuzaji kaniapia, eti wiki mbili tu naiondoa yote. Siku ya tatu ngozi ikababuka. Sikuzani akauchukua ule mkorogo, akautumbukiza chooni, kikopo na kila kitu, kisha akaniburuta kliniki. Nesi naye akanisema: dawa za kuchubua zinapita kwenye ngozi zinaingia kwenye damu, na mimba si kitu cha kuchezea.

"Sasa mafuta yako ndiyo yataiondoa?" nikamuuliza Sikuzani jioni, nimelala mkekani kwake.

"Hayaondoi. Yanalainisha ngozi, muwasho unatulia. Ukishajifungua itafifia yenyewe pole pole, ibaki myeupe. Kuisha kabisa? Thubutu!"

Jamani, mfanyabiashara gani anasema hivyo? Wengine walinuna wakaondoka. Mimi nilibaki, na ikawa kama alivyosema. Mimba zangu zote nne amenipaka yeye.

Sasa Yusrah. Ni binti wa mtaa wetu, alikuwa anaolewa na kijana wa Kilosa mjini. Kwetu mwali anawekwa ndani siku saba, wanawake wanamsugua singo mwili mzima mpaka ang'ae, na upande wa bwana harusi unatuma mtu wao aje aone. Alikuja shangazi wa bwana harusi, mama mnene wa maneno machache. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kutuangalia. Sikuzani ndiye wa kusugua. Mimi nilishika bakuli.

Kanga ya mwali ilipoteremshwa tukaiona. Nyonga zote mbili na chini ya kitovu, michirizi myeupe, ya zamani.

Na mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nikasema, "Mh! Hii mbona kama yangu?"

Basi. Shangazi akaweka kikombe cha chai chini. "Huyu binti alisoma bweni, siyo?"

"Miaka miwili," akajibu mama yake Yusrah.

"Miaka miwili inatosha kubeba na kutoa. Sisi tuliambiwa mwali. Nampigia kaka yangu simu sasa hivi."

Yusrah akalia, "Wallahi sijawahi, mama, wallahi!" Nani amsikilize? Harusi ilibaki siku mbili, ng'ombe ameshanunuliwa kwa wafugaji, na binti anakwenda kuachwa kabla hajaolewa. Nilitamani ardhi ipasuke. Maana mimi nilimjua! Alikwenda bweni kama fito, akarudi likizo ya kwanza nyonga hizo, sketi zote zimembana. Nilijua, na bado nikaropoka.

Sikuzani akanawa singo mikononi, akajifuta.

"Shangazi, simu isubiri kidogo. Habari zangu umeambiwa?"

"Nimeambiwa huna mtoto."

"Na mimba je?"

Shangazi akasita. "Nasikia haikuwahi kushika."

"Haikuwahi. Hata ya siku moja."

Akafungua kanga yake. Miaka kumi na tisa tumekaa ukuta kwa ukuta, sijawahi kumwona. Tangu nyonga mpaka mapajani, michirizi mitupu, mipana kuliko ya Yusrah, kuliko yangu mimi mwenye watoto wanne.

"Ilinitoka nina miaka kumi na minne, nilipoanza kunenepa," akasema. "Ngozi ikivutwa haraka inachanika, kuna mtoto ndani au hakuna. Michirizi ingekuwa ushahidi wa kuzaa, shangazi yangu, mimi nisingeachwa."

Mama yake Yusrah alikuwa analia, na mwanawe kamlalia mapajani. Shangazi akaitazama simu yake, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Kisha akainuka kwa tabu, akaninyang'anya bakuli, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Mgeuzeni mwanangu," akasema. "Mgongo haujaguswa."

Sikuzani akajifunga kanga yake vizuri, akarudi mahali pake. "Siwema, shika mguu huo. Na mdomo upumzike."

Nikashika mguu, nikapumzisha mdomo. Mara nne mwanamke huyu ameshika tumbo langu, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza habari za lake.