Mpira kwa Mikono Miwili

Mama yake Zéphirin, kule Rutshuru, alikuwa na kofi jepesi. Ukimpa mkubwa kitu kwa mkono mmoja, hata chumvi, kofi limeshafika. "Unamutupia imbwa mufupa?" Mwana akakua akitoa na kupokea kwa mikono miwili, na heshima ikamwingia mifupani.

Kisha, mwaka 1956, akawa mwalimu katika kolegi ya mapadri Goma, na Père Anselme akamfanya msaidizi wake wa kufundisha mpira wa maji, ule unaochezwa kwa kuogelea ziwani. Padri huyo alikuwa na filimbi shingoni na sheria moja aliyoipenda kama Baba Yetu: mpira hushikwa kwa mkono mmoja tu. Golikipa peke yake, akiwa karibu na goli lake, ndiye aliyeruhusiwa yote miwili. Zéphirin alifungwa mkono wa kushoto kwa kamba siku nyingi, akanywa ziwa Kivu hadi tumbo likalalamika, na mwishowe akazoea.

Ikaja Jumapili ya kucheza na watu wa bandarini. Golikipa wao alikuwa Ntirenganya, baba yake Philomène, msichana ambaye Zéphirin alitaka kumuoa. Wajomba wa Zéphirin walikuwa wamepeleka posa kwake, naye akajibu neno moja tu: "Nitaona." Tangu hapo kijana hakula akashiba.

Na sasa yuko peke yake mbele ya goli, mpira mkononi, na mzee huyo kifua wazi anamtazama. Mkwe! Utamtupia mkwe kitu usoni? Padri, aliyekuwa pia mwamuzi, akapiga kelele kutoka ufukweni: "Mukono moja! Tupa!" Kichwa cha Zéphirin kikawa uji. Akaogelea hadi kwa mzee, akamkabidhi mpira kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa adabu.

Filimbi. Ufuko mzima ukacheka. Philomène, aliyekuwa amesimama na shangazi zake, akajifunika uso kwa kitenge.

Wakati wa mapumziko Ntirenganya alimfuata, amekunja uso. "Unaniona nimezeeka?"

"Hapana, papa. Ni heshima."

"Heshima uniletee ku nyumba. Mu mayi, mimi ni golikipa. Mutu mwenye kuogopa uso yangu, atamuchunga mutoto yangu namna gani?"

Zéphirin alirudi majini haelewi lolote. Akitupa ni kosa, asipotupa ni kosa. Mama huku, padri kule, na mkwe katikati. Mpira ulipomfikia tena alifumba macho, akatupa kwa mkono mmoja kwa nguvu zake zote.

Alipofumbua, mpira ulikuwa wavuni na damu ilikuwa inamtoka puani Ntirenganya. Hakuna aliyecheka. Basi posa imekwisha, aliwaza, na machozi yakachanganyika na maji.

Mzee akapangusa pua. Akauchukua mpira, akaliacha goli lake, akaogelea taratibu hadi katikati ya uwanja ambako Zéphirin alikuwa ameganda, akampa mpira. Kwa mikono miwili.

"Uambie wajomba yako warudie," akasema.

Padri aliinua filimbi, akaishusha, akaiinua tena. Hakujua apige kosa la nani. Zéphirin akapokea kwa mikono yote miwili, na kwa kuwa hakubakiwa na mkono wa kuogelea, akazama huku ameukumbatia.